Kuku na Miti ya Uani Wakati wa Kipupwe

Likizo ya mwezi wa Juni imekaribia, na wengi wenu mtarudi nyumbani wakati ule ule baridi inapoanza kuuma katika nchi yetu hii ya Njombe na Makete. Siku ya mkutano wa wazazi niliulizwa na zaidi ya mmoja, mimi niliye mwalimu wa kilimo, kwa nini kila mwaka majira haya kuku hufa na miparachichi michanga huungua. Kuku kumi na miparachichi ishirini si mali ndogo. Humo hutoka madaftari, sare na nauli ya mwanafunzi. Kwa hiyo nimeona vema kuandika somo hili, mwanafunzi alichukue nyumbani na mzazi alisome mwenyewe.

Kwanza tufahamu baridi yenyewe inatoka wapi. Tarehe 21 Juni jua huwa juu ya Tropiki ya Kansa, mbali kaskazini, nasi tuko karibu digrii 9 kusini ya ikweta. Tena tunakaa juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kadiri ya digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mwenzetu wa Dar es Salaam akilala na shuka moja, sisi tunatafuta blanketi la pili. Upepo wa kusi nao huja kutoka kusini-mashariki, na ukipanda milima hii huleta ukungu na manyunyu ya siku mbili tatu. Halafu mawingu huondoka, upepo hutulia, usiku hujaa nyota, na kunapokucha majani yamefunikwa na jalidi, yaani umande ulioganda ukawa mweupe kama chumvi.

Basi tuna maadui wawili wasiofanana: siku za upepo na maji, na usiku wa utulivu na jalidi. Watu wengi huwapiga wote wawili kwa silaha moja, nayo ni kuziba. Huziba banda, huziba ua, huziba kila tundu. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tuanze na kuku. Kuku mzima ana joto la mwili la digrii 41 hivi, kutupita sisi. Akitutumua manyoya yake, hewa hunaswa ndani nayo humkinga kama blanketi. Kuku mkavu huvumilia baridi ya hapa bila taabu. Lakini akilowa, au upepo ukimfunua manyoya usiku kucha, blanketi lile halifanyi kazi tena. Kwa hiyo ni kweli kwamba upepo usimpige kuku aliyelala. Ila kumkinga na upepo si sawa na kumnyima hewa. Kuku hupumua, na pumzi yake ina maji. Kinyesi chake kina maji vilevile. Mvuke huo hupanda juu, na ukikosa njia hugeuka matone chini ya bati na kuwadondokea hao hao uliotaka kuwaokoa. Kinyesi kibichi nacho hutoa amonia, hewa kali inayochoma macho na mapafu. Kuna njia rahisi ya kupima. Asubuhi mapema, kabla banda halijapunga hewa, inama mpaka kichwa chako kiwe kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, banda hilo ni baya, hata kama lina joto.

Banda jema huzibwa chini na kuachwa wazi juu. Ukuta upande bila nyufa mpaka upite vichwa vya kuku waliokaa juu ya vichanja vyao vya kulalia. Kutoka hapo, chini ya paa, acheni nafasi ya sentimita 15 hadi 20 katika pande mbili zinazoelekeana, mtie wavu, na paa litokeze nje vya kutosha ili manyunyu yasiingie. Mlango utazame kaskazini. Kusi haitaingia, na jua la mwezi wa Juni, ambalo adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, litaingia likaushe sakafu. Sakafuni tandazeni maranda kiasi cha sentimita 10. Katika nchi yenye mashine nyingi za mbao kama hii, hakuna sababu ya kuku kulala juu ya udongo mbichi. Ubao wa mbili kwa nne ukilazwa kwa bapa hufaa kuwa kichanja kuliko mti mwembamba wa duara, maana kuku hukaa akafunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo. Jioni wapeni punje za mahindi kabla hawajapanda. Chakula kikisagika tumboni usiku hutoa joto. (Bibi mmoja jirani yangu huwapa wake pilipili kwa ajili ya baridi. Kuku hausikii ukali wa pilipili, kwa hiyo sijaona faida wala madhara.)

Vifaranga ni habari nyingine, maana hawana manyoya bado. Wiki ya kwanza huhitaji digrii 32 hadi 35, kisha hupunguziwa digrii 3 hivi kila wiki. Ukiwaona wamelundikana wanalia, wana baridi. Wakijitenga mbali na moto wametanua mabawa, joto limezidi. Hapa sina budi kusema kwa nguvu. Mzazi mmoja wa kijiji cha jirani aliziba banda lake kwa magunia na udongo, akaweka jiko la mkaa ndani. Asubuhi hakukuta kifaranga hata kimoja kilicho hai, na usiku ule jalidi haikuanguka. Mkaa unapowaka mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliye ndani hulala asiamke. Wako watu ambao huleta vifaranga katika chumba wanacholala watoto, wakaweka na jiko humo humo. Mwanafunzi akiona jambo hilo nyumbani, amweleze baba au mama yake kwa adabu, lakini amweleze usiku ule ule. Tumieni dumu la maji ya moto lililofungwa kwa gunia, lijazwe tena usiku wa manane. Na lililo bora zaidi ni hesabu ya tarehe. Mayai huatamiwa siku 21. Kuku akilalia tarehe 1 Aprili, vifaranga huanguliwa tarehe 22, na kufika mwanzo wa Juni wana wiki sita na manyoya yao.

Neno moja juu ya kideri, ambacho wengine hukiita ugonjwa wa baridi. Kideri huletwa na virusi. Baridi haikileti, na banda zuri halikizuii. Dawa ni chanjo ya tone la jicho, wapewe kuku wote wazima kabla ya kipupwe, na irudiwe kila baada ya miezi 3 au 4.

Sasa tutoke bandani tuitazame miti, maana huko nako kosa ni lile lile. Mtu hutaka ukuta imara wa kuzuia upepo usifike kwenye miparachichi yake. Upepo ukikuta ukuta usio na tundu hupanda juu yake, kisha huanguka nyuma kwa kishindo na kuzungukazunguka, ukavunja matawi mahali palipodhaniwa pana usalama. Ua wa miti unaopitisha karibu nusu ya upepo huuchosha. Ua kama huo wenye kimo cha mita 3 hukinga shamba kwa kadiri ya mita 30 nyuma yake. Ila msitumie miwati karibu na banda wala nyumba. Mizizi yake haiendi chini sana, na udongo ukilowa kwa manyunyu ya siku tatu, upepo mmoja huiangusha. Mti wowote mrefu uwe mbali na banda kuliko urefu wake wenyewe. Mparachichi mchanga ufungwe kwenye vigingi viwili kwa kamba iliyolegea. Mti unaoyumba kidogo hunenepesha shina. Uliobanwa hubaki mwembamba, na siku kamba ikikatika huvunjika.

Jalidi hufuata mteremko. Hewa baridi ni nzito, na usiku mtulivu hutiririka kama maji kwenda bondeni. Mkipanda ua mzito upande wa chini wa bustani, mmejenga bwawa la baridi, na miti iliyo karibu nao ndiyo inayoungua. Acheni mlango wa hewa upande ule. Miti michanga ijengewe kipaa cha nyasi kavu juu ya miti mitatu, nyasi zisiguse majani. Udongo umwagiliwe mchana, na matandazo yasogezwe hatua moja kutoka shinani, maana udongo ulio wazi na wenye unyevu hunywa joto la jua na kulitoa usiku. Majani yakiungua, msikimbilie panga. Ngojeni machipukizi mapya yaonyeshe mahali mti ulipo hai, ndipo mkate.

Kazi ya likizo ni hii. Jioni moja isiyo na upepo, mkiwa na mtu mzima na ndoo ya maji karibu, washeni nyasi mbichi kidogo upande wa juu wa kiwanja, mwangalie moshi unakotambaa na mahali unapotuama. Chorani ramani ya uwanja wenu yenye banda, miti, ua na njia ya moshi ule. Michoro nitaipokea wiki ya kwanza ya muhula ujao, na mtu asipande mparachichi mahali moshi ulipotuama kabla hatujaitazama pamoja.