Gari la supachaja linapochemka mlimani

*Mazda MX-5 yangu ya 1990 nimeifunga supachaja na intakula. Kwenye foleni haina neno, lakini nikipanda mlima kwa kasi mshale wa joto unapaa. Ninunue rejeta kubwa? – Msomaji, Nairobi*

Usinunue bado. Kama foleni haikusumbui, feni yako ni nzima. Kinachopungua ukiwa kwenye kasi ni hewa au mzunguko wa maji. Intakula iliyokaa mbele ya rejeta huipulizia hewa ya moto. Ziba kwa sponji nyufa zote za pembeni, hewa isikwepe rejeta.

Injini yako ina asili ya Mazda 323, ambamo ilikaa kwa kukingama. Ilipogeuzwa kwa MX-5, thamostati ilihamishiwa mbele, kwa hiyo maji huingia na kutokea upande uleule, na silinda ya 4, iliyo nyuma kabisa, haipoi vizuri. Kwa injini yenye supachaja, mimi ningerudisha njia ya kutokea maji nyuma kabla ya kugusa rejeta.

Fundi apime pia mchanganyiko wa petroli na hewa: petroli ikiwa haba, joto hupanda. Injini ikigonga, achia pedeli ya mafuta mara moja. Maji yakipungua bila kuvuja, au ukiona mapovu kwenye rejeta, usiliendeshe gari. Livutwe hadi gereji, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.