Amri za Kompyuta na Mifereji ya Mlimani

Mtu akishuka kutoka Kibosho au Marangu kwenda Moshi mjini, huvuka mifereji mingi. Wachagga waliichimba tangu zamani sana, wapate kuleta maji ya mito ya mlimani hata vihambani, kunyweshea migomba na kahawa. Mfereji mkuu huanza penye banio mtoni. Mbele yake hugawanyika kuwa miwili au mitatu, na hiyo nayo hugawanyika tena, hata maji yakafika katika kihamba cha kila mtu. Mwenye zamu ya maji hana budi kujua amesimama kwenye mfereji gani kabla hajaziba wala kufungua kwa jembe lake. Akikosea, hukausha kihamba cha jirani.

Katika somo hili tutajifunza kazi ifananayo na hiyo, yaani kuiamuru kompyuta kwa maneno. Watu wengi huitumia kompyuta kwa kugusa picha ndogo ndogo kwenye kioo chake. Lakini iko njia nyingine, ya zamani kuliko hiyo, nayo yatumika hata sasa. Mtu huandika amri moja moja katika dirisha liitwalo terminali, kisha hubonyeza kitufe cha Enter. Kompyuta hutenda, ikajibu kwa maandishi, au ikanyamaza. Ikinyamaza, usidhani imekataa. Mara nyingi maana yake ni kwamba imetenda bila tatizo.

1. Asili ya amri hizi

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kompyuta ulioitwa Unix. Siku zile watu waliandika amri kwa mashini iliyofanana na taipureta, nayo ikapiga majibu juu ya karatasi, tena polepole. Kwa hiyo amri zilifupishwa, nyingine zikawa herufi mbili tu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika nchi ya Ufini, alitoa Linux, ifuatayo desturi zile zile za Unix. Leo kompyuta nyingi zinazohifadhi habari za intaneti zaendeshwa kwa Linux.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kutafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Lakini amri za terminali hubaki kama zilivyo. Ni zile zile Moshi na Helsinki. Basi ajifunzaye hapa aweza kuzitumia kokote aendako.

2. Kujua ulipo

Habari zilizoandikwa katika kompyuta huwekwa katika mafaili, na mafaili huwekwa katika folda. Folda yaweza kuwa na folda nyingine ndani yake, kama mfereji uzaavyo mifereji midogo. Chanzo cha zote ni kimoja, nacho huandikwa kwa alama ya mkwaju, yaani /. Hiyo ndiyo banio letu.

Amri ya kwanza ni pwd. Ukiiandika, kompyuta hukuambia umesimama katika folda gani. Mathalani hujibu hivi:

/home/shule/kahawa

Soma kutoka kushoto: kutoka chanzoni, ukaingia home, kisha shule, kisha kahawa. Hiyo ndiyo njia uliyopita, kama vile mtu asemavyo, "Kutoka Moshi nenda Himo, kisha panda Marangu." Usione haya kuiandika amri hii mara nyingi. Kuuliza si ujinga.

Amri ya pili ni ls. Hiyo hukuorodheshea vitu vilivyomo katika folda uliyosimama. Katika kompyuta za Windows amri ya kazi hiyo tangu zamani ni dir.

3. Kwenda na kurudi

Amri ya kwenda ni cd, ikifuatwa na jina la folda. Ukitaka kuingia katika folda iitwayo zamani, andika:

cd zamani

Ukitaka kurudi juu hatua moja, andika cd, kisha nafasi, kisha nukta mbili:

cd ..

Ukitaka kuingia mfereji wa pili, hurudi kwanza penye njia panda. Na katika kompyuta ndivyo vivyo hivyo.

Angalia jambo moja. Katika Linux, herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja. Folda iitwayo zamani siyo Zamani. Ukikosea, kompyuta hujibu kwamba haikuiona folda hiyo, nawe hubaki palepale ulipokuwa. Likumbuke neno hili, maana tutalirudia.

4. Kutengeneza, kusoma na kunakili

Amri ya mkdir hutengeneza folda mpya. Ukiandika mkdir nakala, folda iitwayo nakala huzaliwa.

Amri ya cat hukuonyesha maandishi yaliyomo katika faili. Ukiandika cat uzito.txt, utasoma faili la uzito.

Amri ya cp hunakili. Hutaja kwanza faili lililopo, kisha mahali pa kuweka nakala:

cp uzito.txt nakala

Sasa mafaili ni mawili, moja hapa na moja katika folda ya nakala.

Amri ya mv huhamisha faili, au hulibadilisha jina. Usiichanganye na cp. Anayenakili hubaki na viwili. Anayehamisha hubaki na kimoja. Tena ujihadhari: ukihamisha au kunakili faili mahali palipo na faili lingine la jina lile lile, kwa kawaida la kwanza hufunikwa, wala huulizwi.

5. Amri ya kufuta

Amri ya rm hufuta. Haiweki faili katika kapu la takataka, upate kuliokota kesho. Huliondoa papo hapo. Tena alama ya nyota, *, maana yake ni "yote". Basi rm * maana yake ni "futa mafaili yote ya hapa niliposimama".

Sikilizeni hadithi hii. Palikuwa na karani kijana katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa mlimani. Uzito wa kahawa ya kila mkulima aliuandika katika kompyuta, katika folda ya kahawa. Ndani ya folda hiyo palikuwa na folda nyingine, zamani, iliyojaa nakala mbovu zisizofaa. Siku moja jioni, hali akiharakisha kwenda nyumbani, akaazimu kuzifuta. Akaandika cd Zamani, kwa herufi kubwa. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna folda ya jina hilo. Hakusoma jibu. Akaandika rm * na kubonyeza Enter.

Alikuwa bado katika folda ya kahawa. Mafaili yote ya mwaka ule yakatoweka kwa dakika moja. Folda ya zamani ikabaki salama, maana rm peke yake haifuti folda. Basi takataka zikabaki, mali ikapotea.

Asubuhi akamwendea mzee wa chama, akamwambia kweli bila kuficha. Wakulima wakaitwa waje na stakabadhi zao. Kwa siku tatu karani aliandika upya tangu alfajiri hata usiku. Lakini bibi mmoja stakabadhi yake ilikuwa imelowa mvua, haisomeki. Fedha zile alizitegemea kwa sare na madaftari ya mjukuu wake. Ikawa lazima waitwe jirani waliosimama naye penye mzani siku ile, wamshuhudie. Akalipwa, lakini baada ya wenzake wote, na mjukuu wake akaenda shule na sare iliyochanika.

Tangu siku ile karani yule hafuti neno asipoandika kwanza pwd, kisha ls. Tena kila Ijumaa hunakili folda yote katika chombo kingine, na chombo hicho hukaa nyumba nyingine.

6. Kanuni za kushika

Kwanza, uliza ulipo kabla ya kutenda. Pili, soma jibu la kompyuta hata mwisho, maana haisemi bila sababu. Tatu, nakili kabla ya kufuta. Nne, ukitaka kufuta, andika rm -i badala ya rm peke yake. Hapo kompyuta itakuuliza kwa kila faili kama kweli wataka lifutwe. Tano, ukisahau kazi ya amri, andika man na jina lake, kama man ls, nayo maelezo yatatokea. Ukimaliza kuyasoma, bonyeza q kutoka.

Kompyuta ni mtumishi mwepesi, tena mtii. Lakini haijui kusudi la moyo wako. Hutenda ulivyoandika, si ulivyotaka. Jembe nalo halijui kihamba cha nani. Ajuaye ni mtu alishikaye.

Maswali

1. Kwa nini amri za Unix zilifanywa fupi?
2. Kuna tofauti gani kati ya cp na mv?
3. Umesimama katika /home/shule/kahawa/zamani. Ukiandika cd .. utakuwa wapi?
4. Karani alikosa mara ngapi kabla ya mafaili kupotea? Taja kila kosa.
5. Chora mfereji mkuu na matawi yake. Kila tawi ulipe jina la folda, kisha uandike njia ya kufika kila moja kutoka chanzoni.