Jino likitoka, mfupa nao hupungua

Umedondoka na bodaboda pale Chang'ombe, Dodoma, na jino la mbele la juu limeng'oka. Unadhani pengo ni la jino tu? Mfupa wa taya uliolishika ukikosa kazi huanza kusinyaa, na mwaka wa kwanza ndio hupungua zaidi.

Ndiyo maana ukija ukubwani kutaka jino la kupandikiza, daktari anaweza kukuta hakuna mfupa wa kulishikilia. Hapo huchukua kipande cha mfupa wako mwenyewe, kidevuni au nyongani, akakipandikiza tayani. Mnasubiri miezi kadhaa kishikane. Kisha huweka skurubu ya titani, chuma ambacho mfupa hukikubali na kushikamana nacho. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Bei yake si mchezo! Halafu wewe wa kidato cha pili utaambiwa usubiri kwanza, taya lako bado linakua.

Kwa hiyo jino likidondoka, liokote. Shika sehemu nyeupe, usisugue mzizi. Litie kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari wa meno mara moja, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Likiwahi, laweza kurudishwa likashika.