Barafu Inayotoweka: Somo kutoka Mlima Kenya

Wameru huuita Kirimaara, na Waembu huuita Kirinyaa. Majina yote mawili yanahusishwa na weupe na mng'aro wa kilele chake. Weupe huo unaisha. Kati ya mwaka wa 1934 na 2010, barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Takwimu kama hii husomwa na kusahaulika. Mwaka wa 2014, mpigapicha Simon Norfolk kutoka Uingereza aliionyesha kwa njia nyingine. Usiku, alitembea mlimani na mwenge wa petroli akifuata ukingo wa zamani wa barafu ya Lewis, huku kamera ikiwa imeachwa wazi. Katika picha mojawapo, mstari wa moto unaonyesha barafu ilikofika mwaka wa 1963, Kenya ilipopata uhuru. Barafu ya sasa iko mbali na mstari huo. Pengo lililo katikati ndilo lililopotea.

Ieleweke kwamba maji mengi ya mito kama Kathita na Rupingazi hayatoki kwenye barafu, bali kwenye mvua inayohifadhiwa na msitu. Barafu ni ishara ya joto linaloongezeka, na wakazi hawawezi kuirudisha. Msitu wanaweza kuulinda.

Makavazi ya Meru, yaliyo katika jengo la zamani la mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, yana boma la kiasili na bustani ya mimea ya dawa. Hapo mwanafunzi huona mimea ambayo jamii iliitegemea, kisha hujiuliza ni mingapi ingali inapatikana kwao.

Zoezi kwa shule na vikundi

1. Muulizeni mzee wa kijiji msitu au chemchemi ilifika wapi alipokuwa mtoto.
2. Pimeni ilipo leo.
3. Kwa idhini ya mwenye ukuta, choreni ramani yenye mistari miwili: wa zamani na wa sasa. Andikeni mwaka kwa kila mstari.
4. Katika pengo lililo kati ya mistari hiyo, pandeni miti ya kiasili kama mugumo na muringa. Epukeni mikaratusi kando ya mto.
5. Kila mwaka, choreni mstari mpya.

Wazee wanaokumbuka mstari wa kwanza hawatakuwepo daima. Waulizwe sasa.