Jongoo Mmoja, Familia Nyingi: Tatizo la Istilahi katika Uainishaji wa Jongoo, kwa Mfano wa Kashozi

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili Sanifu neno jongoo hutaja kila mnyama wa ngeli ya Diplopoda, na neno tandu hutaja wale wa ngeli ya Chilopoda. Mpaka huo uliwekwa na wasemaji wenyewe, wala haukuwangoja wanabiolojia. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili zake nyingi, hujikunja aguswapo, na kwa kawaida hula majani yaliyooza. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, hukimbia, na huuma kwa sumu. Chini ya mpaka huo lugha inanyamaza. Wanasayansi wamekwisha kueleza spishi zipatazo 12,000 za jongoo, zilizogawanywa katika oda 16 na familia zaidi ya 100, ilhali zote zina jina moja kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni mkulima.

2.0 Jongoo wa kibanja

Kashozi iko kaskazini ya mji wa Bukoba, katika ukanda wa Ziwa Victoria unaopata mvua nyingi mno. Migomba na mibuni hupandwa pamoja katika kibanja, na ardhi yake hutandazwa majani ya migomba pamoja na nyasi zinazokatwa rweya, yaani katika uwanda wazi usiolimwa. Rutuba ya kibanja haikuwepo tangu asili. Imejengwa kwa matandazo na samadi, kizazi baada ya kizazi. Jongoo ni mshiriki katika kazi hiyo, kwani husaga majani makavu na kuyafanya mboji.

Hata hivyo si jongoo wote walio wapole. Tafiti za Ebregt na wenzake, zilizochapishwa miaka ya 2000, zilionyesha kwamba kaskazini-mashariki ya Uganda jongoo hushambulia viazi vitamu na karanga. Mmojawapo ni Omopyge sudanica, wa familia ya Odontopygidae, ambayo ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za jongoo wa Afrika kusini ya Sahara. Afisa ugani anayemwambia mkulima "waue jongoo" anatoa hukumu moja kwa mharibifu na kwa mtengeneza udongo. Methali isemayo mtupa jongoo hutupa na mti wake nayo haibagui familia.

Mtawanyiko unaongeza utata. Jongoo anayependwa na wachora picha ni Archispirostreptus gigas, mweusi, anayeweza kupita sentimita 30. Huyo ni mwenyeji wa nyanda za chini za Afrika Mashariki, na ni nadra kuonekana juu ya mita 1,000. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kashozi anayefunzwa neno jongoo kwa picha ya huyo anafunzwa mnyama wa pwani, huku wa kwao wakipita miguuni pake bila jina.

3.0 Ngeli ya nani?

Wanabiolojia wa Kiswahili wameliazima neno ngeli kutoka sarufi, na uazimaji huo una mafunzo. Neno jongoo lina wingi majongoo, umbo la ji-/ma-, lakini husemwa "majongoo wengi wanatambaa", kwa upatanisho wa a-/wa-. Je, liko ngeli ipi? Tangu Bleek na Meinhof, wanaofuata umbo la nomino na wanaofuata upatanisho wa kisarufi wamejibu tofauti. Jina Kashozi lenyewe linabeba kiambishi ka- cha udogo juu ya shina -shozi, "kilima", na hakuna Mhaya anayehitaji kupima kilima hicho ndipo akubali kiambishi.

Wanazuolojia nao hawaainishi kwa rangi wala urefu. Hutazama miguu ya uzazi ya dume, iliyo katika pingili ya saba. Katika Polydesmida jozi ya mbele tu ndiyo iliyogeuka. Katika Spirobolida zimegeuka zote mbili. Kemia inaafikiana na umbo: Polydesmida wengi hutoa sianidi, ilhali Spirobolida na Spirostreptida hutoa kwinoni zinazotia ngozi doa la kahawia.

4.0 Pendekezo

Istilahi za oda ziundwe kwa umbo linaloonekana: jongoo bapa kwa Polydesmida, ambao wengi wao mgongo wao una kingo pembeni; jongoo manyoya kwa Polyxenida. Majina ya familia yabaki ya Kilatini, kwa kuwa yanatawaliwa na kanuni za kimataifa, na Kiswahili kiyazungushie viambishi na viunganishi vyake.

Lakini kabla ya kubuni, lugha jirani ziulizwe. Jongoo ni neno la Kibantu lililopoteza l, kama mguu ulivyoipoteza huku Waganda wakisema okugulu. Jongoo kwa Kiganda ni eggongolo, kwa Kishona zongororo, kwa Kizulu ishongololo. Wazee wa Kashozi wasiulizwe kwa orodha ya maneno, kwani swali la "jongoo mnamwitaje?" huomba jibu moja na hulipata. Waletewe wanyama wenyewe, bapa na mviringo, wa matandazoni na wa shamba la viazi, wawekwe mbele yao mmoja mmoja, na kila jina liandikwe pamoja na mnyama aliyeitwa hivyo.