SOMO LA KIINGEREZA: NANI ALIKIMBIA?



Chukua daftari na kalamu, ukae karibu na taa. Somo la leo ni dogo, lakini limewahi kumgharimu mtu mshahara wake.

Katika darasa letu la jioni alikuwako mwanakisomo mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Nyumbani kwake wanasema Kisukuma. Kusoma na kuandika Kiswahili alikuwa amekwisha kufuzu, ndipo akaanza kujifunza Kiingereza. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa usiku katika kambi ya wageni waliokuja kutengeneza barabara. Kila asubuhi alitakiwa kuandika katika daftari la zamu mambo aliyoyaona usiku. Tena aandike kwa Kiingereza, maana msimamizi wake hakujua Kiswahili.

Usiku mmoja wezi wakaja. Asubuhi mlinzi wetu akaandika hivi:

Saw two people near the store. Ran away. Took the lamp.

Jioni yake alifika darasani amekunja uso. "Mwalimu," akasema, "nimeandika ukweli mtupu, na sasa nakatwa fedha ya taa. Ati nimekimbia lindo, tena nimeiba taa!"

Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili alitaka kusema nini. Akajibu bila kusita: "Niliona watu wawili karibu na ghala. Walikimbia. Walichukua taa."

Soma tena maneno hayo ya Kiswahili, polepole. Hayana shaka hata kidogo. Aliyeona ni mlinzi. Waliokimbia ni wale watu wawili. Waliochukua taa ni hao hao. Sasa rudi kwenye Kiingereza chake. Nani alikimbia? Maandishi hayasemi. Nani alichukua taa? Hayasemi. Basi msimamizi akajaza mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi, na mtu aliyemjaza ni mlinzi.

Mzee huyu hakuwa mvivu, wala hakukosea tahajia hata moja. Kosa lake lilitoka katika Kiswahili chenyewe. Tuone lilitokaje.

Katika Kiswahili, mtenda hukaa ndani ya neno la kutenda, yaani ndani ya kitenzi. Hukaa pale mwanzoni. Tazama:

Nilikimbia – I ran.
Ulikimbia – You ran.
Alikimbia – He ran, au She ran.
Tulikimbia – We ran.
Mlikimbia – You ran.
Walikimbia – They ran.

Pitisha kidole upande wa Kiswahili. Mwanzo wa neno unabadilika kila mara: ni, u, a, tu, m, wa. Sasa pitisha kidole upande wa Kiingereza. Neno "ran" halibadiliki kabisa. Ni kama ng'ombe asiyepigwa chapa. Kila mtu anaweza kusema ni wake. Chapa yake ni lile neno dogo linalotangulia: I, you, he, she, we, they. Ukiliacha, ng'ombe amepotea.

Lugha zetu nyingi za nyumbani zina desturi ya Kiswahili katika jambo hili. Kisukuma, Kihaya, Kikuria, zote humtia mtenda ndani ya kitenzi. Hata Kijaluo, ambacho si cha ukoo mmoja na Kiswahili, kinafanya hivyo. Mjaluo akisema "adhi" maana yake ni "ninaenda", na ile "a" ya mwanzo ndiyo "mimi". Kwa hiyo mtu wa kwetu anayejua lugha mbili au tatu anaweza kufika utu uzima bila kukutana na kitenzi kisicho na mwenyewe. Anapokutana nacho katika Kiingereza, hashtuki. Anadhani mwenyewe yumo ndani.

Mlinzi wetu alichukua kila neno moja la Kiswahili akalitafutia neno moja la Kiingereza. "Walikimbia", akaandika "ran away" na kuona amemaliza. Lakini neno moja la Kiswahili huweza kuwa sentensi nzima. Chukua neno hili: Nitawapikia. Kwa Kiingereza ni:

I will cook for them.

Maneno matano! "Ni" imekuwa "I". "Ta" imekuwa "will". "Pik" imekuwa "cook". Ile "i" ndogo iliyo karibu na mwisho imekuwa "for". "Wa" imekwenda mwisho kabisa, imekuwa "them". Jaribu mwenyewe kulifungua neno "Nitakupikia" kabla ya kuendelea. Umepata "I will cook for you"? Vizuri.

Kuna sababu nyingine inayowapoteza wengi, nami niligundua nilipowauliza wanakisomo wangu wameona wapi Kiingereza. Wengi walitaja chupa za dawa. Kwenye chupa pameandikwa "Shake well before use", yaani tikisa vizuri kabla ya kutumia. Au "Keep out of reach of children", yaani weka mbali na watoto. Hakuna I, hakuna they. Mbona hapo mtenda ameachwa? Kwa sababu hiyo ni amri. Anayeamriwa ni wewe msomaji, na kila mtu anajua hivyo. Kumbe Kiingereza tunachokutana nacho kila siku vijijini ni cha amri na vibao! Anayejifunzia hapo ataandika barua kama chupa ya dawa. Ukieleza jambo lililotokea, usiandike hivyo.

Sasa tuangalie "ni". Katika mazungumzo twaweza kuiacha. Mtu husema, "Mimi mkulima", na tunamwelewa. Katika Kiingereza huwezi kuandika "I farmer". Andika "I am a farmer". Vivyo hivyo "The child is sick", si "The child sick". Maneno am, is na are ni kama misumari. Mbao zote unazo, lakini bila misumari hakuna meza.

Na mvua je? Sisi husema "Inanyesha", basi. Wengi huandika "Is raining". Kiingereza kinadai mtenda hata pale ambapo hayupo! Huandikwa "It is raining". Hiyo "it" ukiitafuta angani huioni. Imewekwa tu kushika nafasi. Vilevile "Ni mbali" huwa "It is far". Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nililiona jambo hili kama upuuzi, na bado sijabadili sana mawazo, lakini naliandika kama linavyotakiwa.

Angalia pia usije ukaruka upande wa pili. Wengine wakishaambiwa waweke mtenda, humweka mara mbili: "My father he is sick." Hii inatoka katika "Baba yangu a-naumwa", ambapo baba yupo na "a" ipo. Katika Kiingereza cha kuandika, mmoja anatosha. "My father is sick", au "He is sick".

Kosa la mwisho ni la wale waliokwisha kuendelea. Mtu anaandika: "Because the rain did not come." Kisha anatia nukta. Mtenda yupo, kitenzi kipo, lakini msomaji bado anangoja. Kwa sababu mvua haikunyesha, kukatokea nini? Maliza habari: "We did not plant cotton because the rain did not come." Neno "because" au "when" likianza, lina deni. Lilipe kabla ya nukta.

Watoto wetu nao wanahangaika na mambo haya haya. Wengi wao wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia Kidato cha Kwanza karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Ukikuta katika daftari la mwanao "Is raining" au "I farmer", usimcheke wala usimwite mjinga. Mwulize maswali mawili tu: Nani? Kisha: anafanya nini, au yukoje? Kama maandishi yake hayajibu swali mojawapo, sentensi haijakamilika. Unaweza kumsaidia hivyo hata kama Kiingereza chako ni kidogo kuliko chake.

Turudi kwa mlinzi. Tuliketi pamoja jioni ile, akaandika upya kwa mkono wake:

I saw two people near the store. They ran away. They took the lamp.

Maneno matatu tu yameongezeka. Asubuhi alimpelekea msimamizi. Huyo bwana alisoma mara mbili, kisha akaenda kutazama seng'enge iliyokatwa nyuma ya ghala. Fedha ya taa ikarudishwa. Siku tatu alizosimamishwa kazi hazikulipwa, wala hakuna aliyemwomba radhi.

ZOEZI

Mwanakisomo mwingine alitaka kumweleza mgeni habari za ugonjwa nyumbani kwake. Kwa Kiswahili alisema: "Watoto walikuwa wagonjwa. Tulimwita daktari. Alikuja usiku. Aliwapa dawa. Sasa ni wazima." Akaandika hivi:

The children sick. Called the doctor. Came at night. Gave medicine. Now well.

Mgeni alidhani watoto ndio waliomwita daktari. Funika majibu hapa chini kwa karatasi, uandike sentensi zote tano upya. Usisahau herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni.

MAJIBU

The children were sick. We called the doctor. She came at night. She gave them medicine. Now they are well.

Kama umeandika "He" badala ya "She", usijikosoe. "Alikuja" hakutuambii kama daktari alikuwa mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinataka kujua. Hapo kitabu hakiwezi kukusaidia. Itabidi umwulize aliyemwona daktari.