SOMO: UTUNZAJI WA RAMANI ZA CHAMA KATIKA KOMPYUTA

Vyama vingi vya msingi huweka ramani za mashamba ya wanachama ili kugawa pembejeo, kukadiria mavuno na kusuluhisha migogoro ya mipaka. Ramani za karatasi zikiisha kuingizwa katika kompyuta kwa skana huwa ramani za picha. Programu kama QGIS, ambayo haiuzwi, huziweka ramani hizo chini ya vipimo vilivyochukuliwa shambani kwa kifaa cha GPS. Kazi hiyo si ngumu. Ugumu umo katika masjala: ramani isiyojulikana asili yake huweza kumpa mwanachama shamba lisilo lake.

Mambo ya kujulikana kwa kila ramani

Kwanza, ukanda. Ramani za Serikali za kipimo cha 1:50,000 hutumia gridi ya UTM, ambayo huigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 za longitudo. Mpaka wa ukanda wa 36 na wa 37 ni longitudo 36 Mashariki, nao hupita kiasi cha kilomita 30 mashariki ya mji wa Dodoma. Kwa hiyo Dodoma mjini, Bahi na Kondoa mjini zimo katika ukanda wa 36. Kongwa na Mpwapwa mjini zimo katika ukanda wa 37. Na Wilaya ya Chamwino imekatwa na mstari huo. Mahali pamoja penye mpaka husomeka karibu 832,000 katika ukanda mmoja na karibu 168,000 katika ukanda wa pili. Katibu akichanganya kanda hizo, shamba la zabibu la Dodoma litaonekana ndani ya Bahari ya Hindi.

Pili, msingi wa vipimo. Ramani za zamani zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, hali GPS hutumia WGS84. Tofauti yake katika nyanda hizi ni kiasi cha mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Kosa la ukanda hujifichua lenyewe, kwa kuwa hakuna alimaye baharini. Kosa la mita 300 hujificha. Shamba la mraba la hekta moja lina mita 100 kila upande. Basi kosa hilo huweza kumrusha mwanachama mashamba matatu mbali, na ramani ikaonekana safi.

Tatu, mwaka wa upimaji. Ramani iliyopimwa kabla ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 haionyeshi vijiji vilivyoanzishwa wakati huo wala njia zake.

Mpango wa majalada

Yafaa chama kiwe na majalada manne katika kompyuta:

1. Ramani za asili, zisizoguswa kamwe baada ya kuingizwa.
2. Ramani zilizopachikwa mahali pake, zikitengwa ukanda wa 36 na ukanda wa 37.
3. Vipimo vya mashamba kutoka GPS.
4. Ramani zilizo tayari kuchapwa.

Jina la kila faili lifuate utaratibu mmoja: namba ya karatasi, jina la karatasi, ukanda, msingi wa vipimo, mwaka. Jina kama "ramani mpya ya mwisho" halimfai katibu atakayeshika kazi baadaye.

Jambo jingine ni mafaili pacha. Mara nyingi picha yenye mkia "tif" huandamana na faili dogo lenye mkia "tfw", linaloonyesha mahali picha inapokaa. Majina yake hayana budi kulingana, na yahamishwe pamoja. Picha isiyo na taarifa hizo ndani yake, ikitengwa na pacha wake, hupotea mahali pake. Hata hivyo faili hilo dogo halitaji ukanda wala msingi wa vipimo. Ndiyo maana hayo huandikwa katika jina la faili na katika daftari la ramani la chama.

Kuhakiki

Kabla ya kutumia ramani, katibu na mjumbe mmoja wa bodi wapime kwa GPS mahali panapojulikana, kama makutano ya barabara, kisha walinganishe na ramani. Tofauti ya mita chache ni ya kawaida. Tofauti ya mita 300 inayojirudia kuelekea upande ule ule katika kila kituo ni dalili kwamba msingi wa vipimo umekosewa.

Nakala ya majalada yote itunzwe mahali pengine mbali na ofisi. Wanachama nao wakumbushwe kwamba ramani ya chama ni chombo cha kazi tu. Haichukui nafasi ya hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Maswali ya kujadiliana

1. Mashamba ya wanachama wetu yamo katika ukanda upi, au yamo katika kanda zote mbili?
2. Katibu akiondoka leo, je, mrithi wake ataweza kutambua asili ya kila ramani?
3. Ni mahali gani katika eneo letu panapofaa kuhakikia ramani?